Rula ya Mwanga: Kupima Mishipa ya Damu Nyuma ya Jicho

 

Madhumuni yangu jioni ya leo ni kueleza namna tunavyopima mishipa ya damu ya retina kwa kamera na kwa skani za mwanga, na kutetea dai moja. Dai lenyewe ni hili: namba inayotoka kwenye mashine ni nusu tu ya kipimo. Nusu ya pili ni maelezo ya namna namba hiyo ilivyopatikana, na nusu hiyo ndiyo tunayoitupa kliniki kila siku.

Kabla ya hoja zangu, niwaingize chumbani. Mama mmoja wa makamo, mwenye kisukari, ameketi mbele ya mashine. Kidevu kakiweka kwenye kiegemeo, paji la uso limegusa mkanda, na ndani ya giza la lenzi anaona msalaba mdogo wa kijani. Fundi anamwambia, "Mama, tazama hapo katikati, usipepese." Sekunde chache zinapita. Picha inatokea kwenye kioo cha kompyuta: wavu mweupe wa mishipa juu ya weusi, na katikati kiduara kisicho na mshipa hata mmoja. Lakini picha imekatwa na mstari mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, maana jicho lilicheza. Chini kidogo kuna utepe mweusi: hapo alipepesa. Wanarudia. Mara ya tatu picha inatoka safi, na pembeni yake mashine imeandika namba. Mama anaitazama ile namba, kisha ananitazama mimi. "Daktari, hiyo ni nzuri au mbaya?"

Mhadhara huu ni safari ya kutafuta jibu la kumpa yule mama.

1. Kwa nini tupime mishipa ya jicho

Jicho ni mojawapo ya mahali pachache mwilini ambapo tunaweza kuitazama mishipa ya damu ikiwa kazini bila kukata ngozi wala kuingiza mrija. Mboni ni dirisha. Kwa karne nyingi dirisha hilo lilionekana jeusi, kwa sababu anayechungulia huuziba kwa kichwa chake mwanga ambao ungemwonyesha kilichomo. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alitangaza kifaa chake, ofthalmoskopu, mwaka 1851: vioo vilivyopeleka mwanga ndani kwa njia ileile ambayo jicho la daktari linatazamia. Weusi ukaondoka. Waliomfuata walianza kuona magonjwa ya mwili mzima yakijiandika kwenye retina. Marcus Gunn, huko London, alieleza mwishoni mwa karne ya 19 jinsi ateri iliyokakamaa inavyoibana vena pale zinapopishana. Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic nchini Marekani waliwagawa wagonjwa wa shinikizo la damu katika makundi manne, na sura ya mishipa ya retina ilikuwa miongoni mwa vigezo vyao.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Blantyre, Malawi. Watafiti wa huko waliwachunguza watoto 31 waliofariki baada ya kutambuliwa hospitalini kuwa na malaria ya ubongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Watoto 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Walipojiuliza ni dalili gani, mtoto akiwa bado hai, ingeweza kutenganisha makundi hayo mawili, waliipata moja tu: hali ya retina. Katika malaria ya kweli retina hufifia na kuwa nyeupe mahali mahali, na mishipa yake hubadilika rangi ikawa ya chungwa au nyeupe, kwa kuwa seli nyekundu zilizobeba vimelea hunasa ndani yake zikiwa zimepoteza hemoglobini. Mzazi yeyote aliyewahi kukesha wodini na mtoto asiyezinduka anajua uzito wa kulitambua hilo mapema.

Basi kutazama kunasaidia. Kwa nini tusiishie hapo? Kwa sababu macho ya daktari hayaoni mabadiliko madogo, na katika mishipa madogo ni makubwa. Damu inayopita kwenye mrija mwembamba hutegemea nusu kipenyo cha mrija huo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Wanafunzi wa fizikia mliokaa mbele mnaifahamu: ni kanuni ya Poiseuille. Punguza kipenyo kwa asilimia 10, presha ikibaki ileile, na damu inayopita itashuka kwa takriban theluthi moja. Mshipa uliopungua sehemu moja kwa kumi, hakuna daktari atakayeuona kwa kuchungulia. Ndiyo maana tunahitaji rula.

2. Kamera hupima damu, haipimi mshipa

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Ukuta wa mshipa wenye afya hupitisha mwanga kama kioo. Tunapopiga picha ya retina kwa kamera ya kawaida, ule mstari mwekundu tunaouita mshipa ni safu ya damu inayopita katikati. Ukuta wenyewe hauonekani. Kwa hiyo ukuta ukinenepa kuelekea ndani, safu ya damu hupungua na kamera hutwambia mshipa umesinyaa. Na mshipa ukijikaza tu kwa muda, kamera itatwambia neno lilelile. Namba ni moja, sababu ni mbili, na kwa mgonjwa tofauti yake ni kubwa.

Namna ya kupima safu hiyo ilijengwa polepole. Mwaka 1974 Parr na Spears, waliofanya kazi New Zealand, walitoa njia ya kuunganisha upana wa matawi ya ateri kuwa namba moja inayowakilisha ateri kuu ya retina. Mwaka 1999 Hubbard na wenzake walipanua njia hiyo kwa picha za watu zaidi ya 10,000 kutoka jamii nne za Marekani. Mwaka 2003 Knudtson na wenzake walirahisisha: pima ateri sita kubwa na vena sita kubwa ndani ya pete inayoizunguka diski ya neva ya jicho, kuanzia nusu ya kipenyo cha diski hadi kipenyo kizima kutoka ukingo wake. Sita tu, ili idadi ya mishipa iliyopimwa isiyumbishe jibu. Mpaka leo programu nyingi hufuata njia hiyo.

Kutokana na vipimo hivyo hupatikana uwiano wa ateri kwa vena. Vitabuni tuliufundishwa kuwa mbili kwa tatu, na kwa miaka mingi mimi mwenyewe niliuandika kwenye mafaili bila kujiuliza. Leo siutumii peke yake. Presha ikipanda, ateri ndogo husinyaa na uwiano hushuka. Mtu akivuta sigara, vena hutanuka, na uwiano hushuka vilevile. Ukiandika uwiano bila kuandika upana wa kila upande, umeficha kile ulichokuja kukitafuta.

Sasa tuisogelee picha yenyewe. Chukua kamera inayoonyesha nyuzi 45 za retina, ambazo kwa jicho la kawaida ni kama milimita 13. Tuseme picha ina pikseli 3,000 kutoka upande hadi upande. Kila pikseli basi ni zaidi kidogo ya mikromita 4. Ateri yenye upana wa mikromita 100, ambao ni unene wa unywele mmoja hivi, itakuwa na pikseli 23. Fundi akikosea pikseli moja kila ukingo, makosa ni karibu mikromita 9, yaani asilimia 9. Na ukingo wenyewe hauna mpaka mkali. Wekundu hufifia taratibu kuingia kwenye rangi ya retina, mithili ya wino kwenye karatasi yenye unyevu. Nimewahi kuwapa wanafunzi watatu picha moja, kila mmoja apime mshipa uleule. Walirudi na namba tatu, kila mmoja ana hakika na yake, na kila mmoja alinionyesha kwa kidole ukingo alioutumia. Sikuweza kumwambia hata mmoja kwamba amekosea.

3. Skani ya mwanga huona mwendo

Mwaka 1991 kikundi cha watafiti wa Massachusetts, wakiwamo David Huang na James Fujimoto, kilichapisha njia mpya ambayo kliniki tunaiita OCT. Wengi wenu mnaijua ultrasaundi ya wajawazito: sauti inapelekwa ndani, mwangwi unarudi, na muda wa kurudi hueleza umbali. OCT hufanya hivyo kwa mwanga. Tatizo ni kasi. Ukiigawa sekunde moja vipande trilioni elfu moja, mwanga hutumia vipande vitatu na ushei kuvuka mikromita moja. Hakuna saa ya kupima mwangwi wa namna hiyo. Kwa hiyo wanaupasua mwanga njia mbili, moja iende kwenye jicho na nyingine kwenye kioo ambacho umbali wake unajulikana, kisha wanaikutanisha tena. Mawimbi yakikutana yakiwa yamesafiri umbali sawa, hutiana nguvu kwa namna inayotambulika. Hivyo tabaka moja la retina hutenganishwa na jingine kwa usahihi wa mikromita 5 hivi kwenda chini, bila sindano na bila kumgusa mtu.

Kuanzia miaka ya 2010 ikaja hatua ya pili, nayo ndiyo iliyotoa ile picha ya wavu. Mashine hupita mstari uleule wa retina mara mbili au zaidi, ikipisha milisekunde chache. Nyama ya retina imetulia, kwa hiyo mapito yote yanafanana. Seli za damu zimesogea, kwa hiyo pale zilipo mapito hayafanani. Kompyuta hupaka weupe mahali palipobadilika na kuacha weusi mahali palipotulia. Ni akili nzuri mno, na kila ninapoona kapilari zikijitokeza hivyo bila dawa yoyote, bado nafurahi kama siku ya kwanza.

Lakini tukumbuke tumepima nini. Tumepima mwendo. Kapilari ambayo damu yake imepungua kasi kupita kiasi hutoweka kwenye picha hata kama ipo na ni hai. Na kuna jambo la pili, ambalo watengenezaji hawaliandiki kwa herufi kubwa. Kwenda chini mashine ni kali, ila kwa upande mwale wake una upana wa mikromita 15 hadi 20. Kapilari ina mikromita 5 hadi 10. Seli nyekundu hupita humo moja moja, zikijikunja. Rula yetu, basi, ni nene kuliko kitu kinachopimwa. Skani ya milimita 3 iliyogawanywa mapito 304 huweka nafasi ya karibu mikromita 10 kati ya pito na pito. Kwa hiyo mtu akikuletea upana wa kapilari kutoka kwenye skani ya namna hii, amekuletea upana wa mwale.

Kinachofaa kupimwa hapo ni vitu vingine viwili: msongamano, yaani sehemu gani ya eneo imefunikwa na mishipa, na ukubwa wa kile kiduara cha katikati kisicho na mishipa, ambacho kwa kawaida kina kipenyo cha nusu milimita hivi na hupanuka kisukari kinapozifunga kapilari za ukingoni.

Wenzangu wa zamani mtaniuliza kuhusu rangi ya fluoresini. Novotny na Alvis, wakiwa bado wanafunzi wa udaktari huko Indiana, waliiingiza mkononi mwa mtu na kupiga picha ikipita kwenye retina. Ripoti yao ilichapishwa mwaka 1961. Bado tunaihitaji. Huonyesha mshipa unaovuja, na skani ya mwendo haioni uvujaji. Ila huchoma mkono, huwatia wengine kichefuchefu, na siwezi kuirudia kila baada ya miezi mitatu kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu na hofu ya sindano.

4. Rula hubadilika kutoka jicho hadi jicho

Hii ndiyo hoja iliyonileta hapa.

Mashine haijui urefu wa jicho lako. Hudhani tu, na mara nyingi hudhani ni milimita 24 kutoka mbele hadi nyuma. Mtu asiyeona mbali ana jicho refu, na picha ya retina yake huingia kwenye kamera ikiwa imepunguzwa zaidi. Bennett na wenzake walitoa mwaka 1994 njia rahisi ya kusahihisha: chukua urefu wa jicho, toa 1.82, na ukubwa halisi hufuata namba inayobaki. Tufanye hesabu pamoja. Jicho la milimita 24 linabakiza 22.18. Jicho la milimita 26 linabakiza 24.18. Gawanya la pili kwa la kwanza: 1.09. Yaani mshipa ambao mashine imeuandika mikromita 100 kwenye jicho refu, kwa kweli una mikromita 109. Tofauti ya asilimia 9, na hakuna ugonjwa wowote wa mishipa. Ni miwani tu aliyopaswa kuvaa.

Tafiti za idadi kubwa ya watu zilizohusisha upana wa ateri na shinikizo la damu zilikuta tofauti za mikromita chache. Kosa la rula yetu, basi, ni kubwa kuliko kitu tunachokitafuta. Ongeza na mapigo ya moyo: mshipa hutanuka na kusinyaa kwa asilimia chache katika kila pigo, nayo picha hupigwa kwenye nukta yoyote ya pigo hilo.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alinijia na karatasi mbili kwenye bahasha ya kaki. Zilitoka vituo viwili, zikiwa zimepishana miezi minane. Kwenye ya pili msongamano wa mishipa ulikuwa umeshuka, na aliambiwa kwamba mishipa yake inakufa na kwamba ajiandae. Hakuwa analala. Nilizilaza karatasi mezani sambamba. Moja ilikuwa ya skani ya milimita 3, nyingine ya milimita 6. Kampuni mbili tofauti, programu mbili tofauti, na kila moja ina namna yake ya kuamua nini ni mshipa. Nikamwangalia jicho: mtoto wa jicho alikuwa ameanza kukomaa, na ukungu wa lenzi hupunguza nguvu ya mwanga unaorudi, hivyo mishipa midogo hufifia. Tulimpima tena kwa mashine ya aina ileile ya kwanza, kwa ukubwa uleule wa skani. Namba ilirudi karibu palepale. Mwalimu alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nalilia karatasi." Sitamlaumu mtu kwa jina. Kwenye karatasi zile mbili hapakuwa na mahali pa kuandika mambo niliyoyataja, na aliyezisoma hakuyaona kwa sababu hayakuwapo.

5. Jedwali la nani?

Hili nitalipitia haraka. Tafiti kubwa zilizotupa vipimo vya kawaida zilifanyika Marekani, Rotterdam, milima ya Blue Mountains huko Australia, na Singapore. Ni kazi safi. Ila kawaida ya Rotterdam si lazima iwe kawaida ya Rorya, Tanzania. Tunajua pia kwamba inawezekana kufanya kazi ya namna hiyo kwetu. Nakuru, Kenya, watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea walichunguzwa macho mwaka 2007 na 2008, wakafuatwa tena mwaka 2013 na 2014, na katika awamu hiyo ya pili Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kupiga picha za retina kwa simu. Vifaa vilibebwa hadi vijijini.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu kompyuta sasa zinafundishwa kusoma retina. Mwaka 2018 watafiti wa Google walionyesha kuwa programu yao inaweza kukisia kutoka kwenye picha ya retina umri wa mtu, jinsia yake, kama anavuta sigara, na namba ya juu ya presha yake. Programu kama hiyo hujifunza kutoka kwenye picha ilizopewa. Zisipokuwamo za kwetu, itatusoma kwa macho ya watu wengine.

Tuendako

Ndugu zangu, sikuja kuomba mashine mpya. Kile kifaa cha kupima urefu wa jicho tunacho tayari. Kinatumika kila wiki kuchagulia lenzi wagonjwa wa mtoto wa jicho, na katika jengo letu kiko milango mitatu kutoka chumba cha skani. Hakuna aliyewahi kumvusha mgonjwa wa kisukari korido hiyo. Kuanzia mwezi ujao tutamvusha. Tumechapisha kadi ngumu, ya ukubwa wa kadi ya kliniki ya watoto, ambayo mgonjwa ataondoka nayo: jina la mashine na toleo la programu, ukubwa wa skani, urefu wa jicho, ubora wa picha, presha ya mkononi na saa ya kipimo, kisha ndipo namba. Wanafunzi watatu wa mwaka wa nne wamekubali kupima kila jicho mara mbili siku hiyohiyo, ili tujue rula yetu inayumba kiasi gani kabla hatujasema mshipa umebadilika. Mafundi, nawaomba msiruhusu programu isasishwe bila kuandika tarehe kwenye daftari la chumba.

Na yule mama wa msalaba wa kijani nilimjibu hivi: "Mama, bado siwezi kukwambia ni nzuri au mbaya. Ni namba yako ya kwanza. Nimeandika jinsi tulivyoipata. Utarudi baada ya miezi sita, tutakupima kwa mashine hii hii, na hapo nitakuwa na la kukwambia." Aliikunja kadi yake ya mfano, akaifunga kwenye pindo la kanga. Zamu yake ni mwezi Machi.